Maswali yenu: Wimbi la Teahupo'o na mwamba ulio chini yake

Tangu Olimpiki ya Paris 2024, ambayo mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao ulifanyika Tahiti, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa kwenye bahari ya Pasifiki, haupiti mwezi sijaulizwa kuhusu lile wimbi la huko, na safari hii meseji zimekuwa nyingi mpaka nimeona bora niziweke pamoja nizijibu zote. Jina lake linawasumbua wengi, nimeona mnaandika Tiahupu, Chopo, Teapoo, sasa sisi wenye Kiswahili kazi yetu ni ndogo sana hapo, linasomwa kama lilivyoandikwa, Te-a-hu-po-o, irabu moja moja, na kabla ya ile o ya mwisho unakata sauti kidogo. Ni kijiji, kiko kusini magharibi kwenye ile sehemu ndogo ya kisiwa inayoitwa Tahiti Iti, barabara inaishia hapo hapo, mbele ni milima na bahari. Haya twende.

SWALI: Kaka shikamoo. Niliona ile picha ya Mbrazili amesimama hewani kidole juu na ubao wake umesimama pembeni yake kama wamepangwa, nikaingia kutafuta video za hilo wimbi nikaogopa kabisa. Mbona haliko kama mawimbi mengine? Huku kwetu wimbi linakuja linajikunja taratibu linakufa, lile linakuja kama ukuta alafu linaanguka lote kwa mpigo. Na ni kweli maji hapo ni ya kiunoni tu? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo ni Gabriel Medina, na picha ilipigwa tarehe 29 Julai 2024 na Jérôme Brouillet wa shirika la habari la AFP, alikuwa kwenye boti pembeni kabisa ya wimbi. Wengi wanaiona picha hawajui kilichotangulia, Medina alikuwa ndo ametoka ndani ya bomba la maji, akapanda mgongo wa wimbi akaruka upande wa nyuma huku anashangilia, na majaji wakampa 9.90 kwenye 10. Yaani pale hewani kazi alikuwa ameshaimaliza.

Sasa wimbi lenyewe, usiangalie juu, angalia chini. Hapo kwenu chini ni mchanga na unapanda taratibu, kwahiyo wimbi linaanza kugusa chini likiwa bado mbali, linakwaruza, linakwaruza, linachoka, likifika kwenye miguu yako limebaki povu. Tahiti ni mlima wa volkano uliotoka kwenye kina kirefu, ukitoka nje ya mwamba kidogo tu chini hupaoni tena, ni bluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Wimbi linazaliwa kusini kabisa, kwenye dhoruba za majira ya baridi huko chini ya New Zealand, msimu wake ni Aprili mpaka Oktoba, linasafiri maelfu ya kilomita na njia nzima halijagusa kitu. Alafu ghafla linakutana na ukingo wa mwamba. Umeshaona mtu anakimbia gizani akajikwaa kwenye kizingiti, miguu inabaki ila kifua na kichwa vinaendelea na safari? Ndo hivo hivo. Chini wimbi limezuiwa, juu bado lina mwendo wake wote, kwahiyo ile sehemu ya juu inarushwa mbele nzima nzima, nene kama godoro, na kati yake na ukuta inabaki nafasi, hiyo nafasi ndo bomba ambalo mtu anapita ndani amesimama.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye video halionekani vizuri. Wimbi lile halijengwi kwa maji lililokuja nayo tu, linayavuta na yale yaliyolala juu ya mwamba mbele yake, linayanyonya yote kuyapandisha ukutani, kwahiyo pale wimbi lilipokanyaga maji yanashuka chini kuliko usawa wa bahari iliyo pembeni. Ukikaa nyuma ya wimbi unaona kinundu tu kinapita, ukikaa mbele unaona jengo. Hiyo ya kiunoni uliyoambiwa ni kweli, na wimbi linaponyonya inakuwa chini ya hapo. Na mwamba wenyewe umepinda kama mundu, kwahiyo wimbi nalo linapinda kwa ndani, anayechelewa kutoka anapelekwa kule kwenye ncha ambako hakuna maji kabisa.

Mwaka 2000 kijana wa huko huko Tahiti, mtu aliyelijua lile wimbi, alijaribu kupiga mbizi na ubao wake apite chini ya wimbi kubwa, likamkatalia, likambeba likamrudisha mpaka kwenye mwamba, akavunjika shingo na baada ya siku chache akafariki. Mwaka huo huo tarehe 17 Agosti Mmarekani Laird Hamilton akavutwa na jetski, ile pikipiki ya majini, kuingia kwenye wimbi ambalo watu wa mchezo huu wanalizungumzia mpaka leo, ukiitazama video utaona mkono wake wa kulia anauburuza kwenye maji upande usio wa kawaida, alikuwa anashikilia asinyonywe kupanda na ukuta. Hilo si pozi, ndo lililomtoa mzima.

SWALI: Mimi ni mvuvi Jambiani. Huku sisi tunakwenda na mwezi, bamvua na maji mafu, maji yakipwa mwamba wote uko nje kina mama wanatembea kwa miguu. Nimesikia umesema mahali kwamba huko Tahiti hawahesabu hivo. Wanajuaje sasa maji yamejaa saa ngapi? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Hili swali nimelipenda sana na nimelisubiri muda mrefu. Wanaangalia saa ya ukutani tu.

Huku kwetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, inazidi mita 3, na kila siku maji yanasogea mbele karibu saa nzima kwa sababu yanamfuata mwezi, ndo maana mzee akikwambia mwezi una siku ngapi ameshakwambia na maji yalipo. Tahiti tofauti ni kama sentimita 30, mkono wako kuanzia kiwiko hauishi, na yanajaa karibu saa sita mchana na saa sita usiku, yanapwa karibu saa kumi na mbili asubuhi na jioni, leo, kesho, mwaka mzima. Sababu ni kwamba mvuto wa mwezi haupandishi bahari nzima kama mtu anavyonyanyua sinia, maji yanazunguka kwenye bahari kubwa kama chai kwenye kikombe unachokizungusha, pembeni yanapanda sana ila kuna vituo vya kati ambavyo vinabaki karibu palepale. Tahiti iko karibu na kituo kimojawapo cha maji ya mwezi, kwahiyo linalobaki kuonekana ni vuta nikuvute ya jua, na jua halina tarehe, linafika utosini saa sita kila siku.

Kwa mpanda mawimbi maana yake ni kubwa. Pale Teahupo'o huwezi kusema nitasubiri bamvua ijaze mwamba maji mengi niwe salama, maji ya kukuokoa hayaji. Ila huku kwetu hilo unalo, na ndo maana kwa anayejifunza nasema mwamba wa Unguja au Kenya unakupa kitu ambacho Tahiti hakipo, mradi ujue saa yako. Saa ile ile inayokupa ndo inayokunyang'anya, ntaeleza hapo chini.

SWALI: Habari kaka, napanda mawimbi mwaka wa pili sasa, kwenye mchanga sina tatizo, naweza kugeuza, naweza kupita kwenye povu. Rafiki zangu wanaenda kwenye mwamba wa nje kwa boti na wananiita. Nataka kwenda ila naogopa, na nikiona za Teahupo'o naogopa zaidi. Nianze vipi, nivae nini, nikianguka nifanye nini? Naomba unijibu kwa urefu. (Msomaji, pwani ya Kenya)

JIBU: Ntakujibu kwa urefu kama ulivoomba kwa sababu hapa ndo watu wanaumia, na wanaumia kwenye miamba midogo isiyo na jina wala kamera.

Kwanza nikusimulie la kwangu. Ilikuwa mwanzo wa kusi, asubuhi upepo umetulia, tumetoka na ngalawa ya rafiki yangu mpaka mwamba wa nje upande wa mashariki wa Unguja. Tulifika maji yamejaa, mawimbi mazuri, mpaka kifuani, tukapanda kama saa moja na nusu na kila mtu ana furaha. Maji yakaanza kupwa. Mimi nililijua hilo, nilikuwa nalijua tangu nyumbani, nikajiambia moja la mwisho. Nikalipata, nimesimama vizuri, alafu nikatazama chini ya ubao. Badala ya bluu niliona kahawia, na ile kahawia ina vidole, naona kila tawi la tumbawe limesimama kama vyombo vimeanikwa, na maji juu yake yanakimbia kurudi kwenye wimbi kwa kasi kama yanavyoishia kwenye beseni. Sikuwa na muda wa kutoka. Nikaanguka, na kosa langu kubwa halikuwa kuanguka, ni kwamba nilipoibuka nilishusha miguu kusimama. Mguu wa kushoto ukaingia kwenye shimo, kamba ya ubao ikazunguka jiwe, na wimbi la pili likaja linavuta ubao kuelekea ndani huku mimi nimebaki. Unavutwa mguu mmoja na mwingine umeng'ang'aniwa. Rafiki yangu alirukia majini akaivua ile kamba mguuni mwangu, mimi mwenyewe mikono ilikuwa haifiki. Kovu ninalo, linaanzia kwenye kifundo linapanda mpaka nusu ya muundi.

Kwahiyo yote nitakayokwambia yametoka hapo.

Nenda siku moja bila ubao. Naongea kweli. Nenda maji yamepwa, vaa viatu vya mpira, mwombe mvuvi wa hapo akupitishe, tembea juu ya mwamba au uelee na miwani ya kupigia mbizi kwenye kingo zake uangalie mashimo yako wapi, jiwe gani limejitokeza, wapi pana wale wenye miiba myeusi mirefu, na mlango uko wapi. Kila mwamba una mlango, sehemu iliyokatika ambako boti zinapita. Pale Teahupo'o mlango upo kwa sababu mito inashuka kutoka milimani na maji ya mto yasiyo na chumvi matumbawe hayayawezi, kwahiyo hapo hayakuota, na ndo sababu boti zinakaa mita chache tu kutoka kwenye lile wimbi la kutisha watu wanapiga picha hawalowi. Mlango ndo njia yako ya kwenda na ndo njia yako ya kukimbilia. Usipite juu ya mwamba eti ni karibu.

Ukifika na ubao siku ya kwanza, kaa mlangoni nusu saa usifanye kitu. Mawimbi yanakuja kwa mikupuo, matatu, manne, alafu kimya. Hesabu. Angalia kubwa la mkupuo linavunjikia wapi, kwa sababu ukikaa pale yanapovunjikia madogo, kubwa likija litakuvunjikia kichwani. Tafuta alama mbili za nchi kavu, mnazi na paa la nyumba mfano, uzilinganishe kama wavuvi wanavyofanya kuikumbuka sehemu yao, kwa sababu mkondo unakusogeza na wewe unahisi umekaa palepale.

Kuanguka sasa. Kwenye mchanga umezoea kuanguka kama gunia au kupiga kichwa mbele, huku sahau. Unaanguka bapa, mgongo au ubavu, mikono na miguu imetawanyika kama pweza, unataka maji yakupokee kwa mwili mzima usizame hata nusu mita. Ukiwa chini kunja mikono kichwani, viwiko mbele ya uso, kisogo umekifunika, na usipigane na wimbi linapokufua, linakwisha lenyewe. Unapoibuka tanguliza mkono juu, ubao wako unaweza kuwa unakusubiri hapo na mapezi yake. Na usisimame. Hata kama unaona maji ni ya magotini lala juu ya ubao upige mikono mpaka kwenye kina, miguu usiishushe kamwe, mimi nimeshakwambia ya kwangu.

Mavazi: viatu vya mpira vyenye soli laini, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, na helmeti. Kuna wenzetu wanaona helmeti ni ya watoto, mimi nimeona kichwa kilichopasuka kwenye tumbawe sitaki kukiona tena, na wapo mabingwa wenye majina wanaivaa. Kamba ya mguuni iwe nzima, na fanya zoezi nyumbani, kitandani kwako, fumba macho, kunja mwili, ifungue ile velkro kwa mkono mmoja. Fanya mara ishirini. Ukishindwa kitandani baharini hutaweza.

Na saa. Ingia maji yanajaa, masaa mawili kabla hayajafika juu, na mkikubaliana muda wa kutoka mtoke, anayesema moja la mwisho mvuteni. Usiende peke yako, na muwe na boti yenye mtu ndani yake, siyo boti iliyofungwa nanga na wote mko majini.

Kuhusu kuogopa, usijilazimishe kuacha kuogopa. Kaa kwenye boti wiki mbili tatu ukiwaangalia wenzako, kuna siku utaona wimbi na mwili wenyewe utajua njia yake, hiyo ndo siku yako. Wanaokucheka waache.

SWALI: Nimekatwa na matumbawe mguuni wiki iliyopita, dogo tu, nikapaka ndimu kama nilivyoona watu wa visiwani wanafanya. Sasa panauma zaidi na pamekuwa pekundu. Mtu kaniambia tumbawe linaota ndani ya nyama. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nenda hospitali leo, usisubiri nimalize kukujibu. Wiki nzima, maumivu yanaongezeka na wekundu umetokea, hicho ni kidonda kimeingia vijidudu na pengine kuna kipande ndani. Ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, homa, au tezi za kinena zimevimba, basi ni haraka zaidi. Waambie ni jeraha la baharini na waulize chanjo yako ya pepopunda mara ya mwisho ni lini.

Kwa wengine mnaosoma, tumbawe haliotei mwilini, kilichobaki ndani ni vumbi la chokaa na ute wake wenye vijidudu, na hivo ndo vinavyofanya kidonda kisipone. Ndimu wanaitumia sana wapanda mawimbi wa Polinesia, inauma kweli kweli, ila uchungu wa ndimu siyo usafi. Kinachosaidia ni maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, alafu usugue, ndiyo usugue, kwa kitambaa safi au mswaki mpya laini mpaka usione punje, vilivyonasa vitoe kwa kibano kilichochemshwa, ndo upake dawa ya kuua vijidudu na ufunge na kitambaa kikavu unachobadilisha kila siku. Ukiumizwa, vipande vya mwamba unavitoa siku ile ile jioni, kesho yake pameshafunga juu na uchafu umebaki ndani. Na usirudi baharini mpaka ngozi imefunga.

SWALI: Kaka, mimi ni binti, napenda sana huu mchezo ila kila nikitaja mwamba naambiwa hayo ni ya wanaume. Kuna wanawake wanaopanda Teahupo'o kweli au ilikuwa kwa ajili ya Olimpiki tu? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Wapo, na walikuwepo kabla. Keala Kennelly wa Hawaii aliingia mwaka 2005 kwa kuvutwa na jetski, kwenye mawimbi ambayo wanaume wengi walibaki kwenye boti. Mwaka 2011 mwamba ule ule ulimpasua uso, akashonwa nyuzi nyingi, na alirudi pale pale akaendelea kupanda. Hilo la kurudi ndo linanigusa mimi kila nikilikumbuka.

Ulichoambiwa wewe na wao waliambiwa. Mashindano makubwa ya wanawake pale yaliondolewa baada ya 2006 na hayakurudi mpaka 2022, miaka yote hiyo wanaume wanaendelea kushindana, wanawake wanaambiwa wimbi ni la hatari kwao, kana kwamba mwamba unauliza. Yaliporudi, mwezi Mei 2024 aliyeshinda ni Vahine Fierro, binti wa Huahine, kisiwa cha hapo hapo Polinesia, tena aliingia kwa kualikwa tu hakuwa kwenye orodha ya msimu mzima. Alafu Olimpiki Caroline Marks wa Marekani akachukua dhahabu mbele ya Tatiana Weston-Webb wa Brazil kwa alama 10.50 kwa 10.33, tofauti ndogo hiyo. Dada yangu, soma nilichomjibu mwenzako wa Kenya hapo juu, kinakuhusu chote bila kubadilisha neno.

SWALI: Nikiwa huku Marseille wakati wa maandalizi ya Olimpiki niliona Watahiti wanaandamana dhidi ya mnara. Sikuelewa, si mashindano yanaleta pesa? Mnara tu una shida gani? (Msomaji, Ufaransa)

JIBU: Mnara wenyewe ulikuwa wa kukaa majaji, katikati ya maji, juu ya mwamba. Miaka mingi walikuwa na wa mbao wanaujenga kwa mashindano na kuuondoa. Kwa Olimpiki ikasemwa wa mbao haukidhi tena masharti ya usalama, ukaja mpango wa mnara mkubwa wa aluminiamu wa tani 14, na kuuweka unatakiwa kutoboa misingi mipya na kupitisha jahazi la mizigo, ile meli bapa ya kubebea vifaa, kwenye maji ya ndani ambayo ni mafupi. Wanakijiji wakaandamana Oktoba 2023, mpango ukapunguzwa mpaka tani 9. Desemba 2023 wakaenda kujaribu kupitisha lile jahazi na likavunja matumbawe, watu wakalirekodi, dunia nzima ikaona. Baada ya hapo kazi ikasimama, wakatafuta njia nyingine ya kupita, na mwisho ule mnara mdogo ukajengwa.

Unauliza shida ni nini, shida ni chakula. Tumbawe likivunjika, juu yake huota mwani mdogo mdogo ambao baadhi yake una sumu, samaki wadogo wanakula, wakubwa wanawala wadogo, sumu inajikusanya, na mtu akimla samaki huyo anaumwa tumbo, anapata ganzi mdomoni na vidoleni, na cha ajabu akishika kitu cha baridi anahisi kinamuunguza. Huo ugonjwa unaitwa ciguatera, kupika hakuondoi sumu, na Polinesia wanaujua vizuri. Mtu wa Teahupo'o anavua samaki wa chakula cha jioni hatua chache kutoka ulipowekwa ule mnara. Hawa ni watu ambao mwaka 2014 walifunga wenyewe sehemu ya bahari yao kwa utaratibu wao wa kale unaoitwa rahui, hakuna kuvua, ili samaki wazaliane. Waliopo Kilifi wataelewa mara moja, wavuvi wa Kuruwitu walifanya kitu kama hicho na tengefu yao. Sasa mtu amejinyima samaki miaka tisa alafu unamletea jahazi la chuma juu ya mwamba ule ule, kwa mashindano ya siku chache, ungekuwa wewe ungekaa kimya?

Miongoni mwa waandamanaji walikuwemo wapanda mawimbi wenyewe. Walilitaka shindano, waliutaka mwamba zaidi. Mimi niko upande wao, na nadhani wangewasikiliza tangu siku ya kwanza lile jahazi lisingeingia pale kabisa. Kuna jambo jema pia, wanamichezo wengi walilala kwenye meli, Aranui 5, kijiji kikaepushwa kujengewa mahoteli.

SWALI: Fainali ya wanaume mbona ilikuwa kama bahari imelala? Nilikaa macho usiku nikaona mtu mmoja tu anapanda. Ni bahati? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tarehe 5 Agosti 2024 hiyo. Sheria ni kwamba alama mbili zako bora ndo zinajumlishwa, kwahiyo unahitaji mawimbi mawili mazuri, moja hata liwe la ajabu halitoshi. Kauli Vaast, kijana aliyekulia hapo Tahiti, anashindana kwa jina la Ufaransa, alipata 9.50 na 8.17 mapema kabisa, jumla 17.67. Baada ya hapo mawimbi yakakata.

Wewe unaita bahati na sehemu yake ni bahati, siwezi kukubishia, wimbi halimjui mtu. Ila angalia tena video mwanzo wa fainali alipokaa. Amelianza hili wimbi akiwa mtoto, anajua mkupuo ukija kwa pembe fulani utavunjikia wapi, na hakuchagua wala kusubiri lililo bora zaidi, alichukua yale mawili bahari ilipokuwa bado inatoa. Jack Robinson wa Australia ni mmoja wa wajuzi wakubwa wa mabomba ya maji duniani, nusu fainali alimtoa Medina, na yeye alibaki na 7.83 amekaa juu ya ubao wake mlangoni, anatazama kusini, dakika zinakwenda, boti zimejaa watu wamenyamaza, na wimbi lake la pili halikuja.